Madonge Matano

Baba yangu hugonga vitu. Akinunua tikiti maji atagonga, na hilo ni la kawaida. Lakini Baba hugonga na meza za watu, milango ya benki, hata ukuta wa hospitali alipolazwa akiwa na dripu mkononi. Ukimkaribisha kwenye nyumba mpya, kabla hajakwambia hongera atakuwa ameshainama anagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, ile anayoiweka kwenye mfuko wa shati mahali ambapo wenzake huweka kalamu. Siku nilipomleta mchumba wangu nyumbani, Baba alimgonga kifuani kwa vifundo vya vidole, mara mbili, ametega sikio. Yule maskini alidhani ni mapenzi. Mama alikimbilia jikoni kucheka. Ndiyo maana mtaani wanamwita Mzee Gonga, na jina lake la ubatizo sidhani kama kuna anayelikumbuka isipokuwa mchungaji.

Ni fundi wa kubandika vigae vya sakafu. Kazi hiyo alifundishwa na babu, nami nikafundishwa naye. Kaka yangu alikwenda kusomea kompyuta, mimi nikashika mwiko. Watu wengi hutembea juu ya vigae maisha yao yote bila kujua kilichoko chini, kwa hiyo nieleze kidogo. Kigae hulazwa kwa namna mbili. Kwanza, unaweza kupaka saruji laini chini yake kote, ukingo hadi ukingo, ukakilaza na kukipigapiga kwa nyundo ya mpira mpaka kitulie. Namna ya pili ni ya wavivu na wenye haraka: unaweka madonge matano ya saruji, manne kwenye pembe na moja katikati, unakilaza, umemaliza. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, vyote vinang'aa na vyote vimenyooka. Lakini subiri vikauke, ugonge. Kilichoshika kote kinanyamaza. Chenye madonge kinalia, maana chini yake kuna hewa. Siku moja mwenye nyumba ataburuta kabati juu yake, kitapasuka, na fundi wakati huo yuko mbali, hata simu hapokei.

Habari hii ya saruji Baba aliitia katika dini yake, au labda dini ndiyo aliyoitia katika saruji, sijawahi kujua kipi kilitangulia. "Mungu hataki madonge matano." Utotoni nililisikia neno hilo kuliko nilivyosikia jina langu. Nikifagia chumba nikaacha uvunguni, madonge matano. Nikisali mbiombio ili niwahi chakula, madonge matano. Kaka yangu alipomtukana mwalimu kisha akaandika barua ya kuomba radhi, Baba aliisoma, akaikunja, akamshika mkono na kumpeleka hadi mlangoni kwa mwalimu akaiseme kwa mdomo wake. Kwa Baba, kumtii Mungu hakukuwa na pembe wala katikati. Ilikuwa kote, au hujafanya kitu.

Na aliishi hivyo, lazima nimpe haki yake, hata pale alipotuchosha. Jioni moja tumeshafika nusu ya njia ya kurudi nyumbani, akatia mkono mfukoni akakuta vimisalaba vya plastiki, vile vidogo tunavyopanga kati ya kigae na kigae ili nafasi zilingane. Vilikuwa vya mteja. Viko kumi na tatu hivi, na hata mtoto asingeviokota. Baba akageuka. Mvua inanyesha. Nikamwambia nina njaa, akasema hata yeye ana njaa, tukarudi. Mteja mwingine alimsifia sakafu ya bafu mpaka akamsifia na mkewe, na Baba akamkatiza ili amwonyeshe kigae kimoja nyuma ya choo kilichokaa upande kwa unene wa kucha. Yule bwana hakuwa amekiona, wala asingekiona mpaka Kristo arudi. Baba alikitoa akakirudia.

Kwa hiyo ninaposema kwamba ndani ya baba yangu kulikuwa na mahali pamoja ambapo hapagongwi, simsengenyi. Nampenda kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini palikuwepo, na sote nyumbani tulipajua, tukapita pembeni.

Pale palikuwa pa Baba mdogo.

Baba mdogo naye ni fundi vigae, au alikuwa. Babu aliwafundisha pamoja, na walifanya kazi pamoja, huyu anapanga yule anakata, wanabishana kutwa nzima kwa raha. Mimi alinibeba kwenye toroli la mchanga kuanzia nina miaka minne, akinizungusha uwanja mzima mpaka natapika, kisha ananisihi nisimwambie Mama. Miaka kumi na moja iliyopita alipata kazi yake kubwa ya kwanza ya peke yake: sebule ya mwalimu mkuu mstaafu, ambaye ni mzee wa kanisa letu na leo ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Siku ya kuiombea ile nyumba, nusu ya kanisa ilikuwepo. Baba aliingia na, kama kawaida yake, akainama. Akagonga, pakalia. Akagonga pembeni, pakalia, tena sauti kubwa. Mbele ya wote alisimama akasema, "Mdogo wangu, umemwibia mzee wa watu." Akaomba nyundo ya chuma, akavunja vigae vinane hapo hapo. Mimi nilikuwa nje napanga viti, nikasikia kishindo tu. Baba alivirudia vile vinane mwenyewe wiki iliyofuata. Baba mdogo alifukuzwa kwenye kazi ile, akapachikwa jina la Debe, na jina likamtangulia kila alikokwenda kuomba kazi. Mwishowe alihamia mji mwingine, akaajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anauza vigae lakini habandiki. Wakaacha kusemezana. Bibi alipofariki walisimama pande mbili za kaburi, kila mmoja anatazama viatu vyake.

Sasa nije kwenye sakafu ya kanisa.

Kanisa letu lilikuwa na sakafu ya saruji tupu iliyochimbika, akina mama wanakwaza visigino kila wakienda kupokea meza ya Bwana. Mwaka huu vigae vilipatikana, na Baba akajitolea kuvibandika bila malipo, awe sadaka yeye na mikono yake. Alitamka maneno hayo mbele ya kanisa. Askofu angekuja Jumapili kuiweka wakfu. Tulifanya kazi wiki tatu, sisi wawili. Nilichanganya saruji, nilikata, nilijaza mianya, na Jumanne ya wiki ya mwisho, Baba alipokwenda kunywa chai kwa mchungaji, nililaza vigae vitatu karibu na mlango peke yangu. Alirudi akavitazama, akasema vimenyooka. Hakuvigonga, kwa sababu saruji mbichi haigongwi.

Alhamisi mchana kilibaki kigae kimoja, cha katikati kabisa mbele ya madhabahu. Baba alikiacha makusudi. Alitaka kukilaza mwisho, kwa sala, na kwa wiki tatu alikuwa akikiongelea kama mtu anayesubiri mjukuu. Alikipangusa kwa mkono wa shati. Akiwa amepiga magoti hivyo, kikiwa mkononi, akakumbuka kunisumbua.

"Umempigia wifi yako?"

"Bado."

Niseme kwamba mimi na wifi yangu, mke wa kaka, tulikuwa hatusalimiani kwa miezi miwili. Aliazima sufuria yangu kubwa akairudisha imeungua chini, kisha akasema mbele ya ukoo mzima kwamba niliinunua hivyo. Nami nikamjibu. Sitayaandika niliyomjibu.

"Sufuria ni sufuria tu, binti yangu," alisema Baba.

"Si sufuria, Baba. Ni kunifanya mwongo mbele za watu."

"Hilo ni lake na Mungu wake. Yale uliyomjibu ni yako. Kamwombe msamaha."

"Nitamwombea kwenye sala."

"Aa, hapo unaweka pembe tu. Mungu hataki mado—"

"Na Baba mdogo je?"

Ilinitoka. Wiki tatu za vumbi, magoti yanauma, na mimi hasira zangu ziko karibu, Mama husema zinakaa mlangoni na viatu vimevaliwa. "Miaka kumi na moja, Baba. Unatugonga sisi wote. Pale kwa mdogo wako sioni hata donge moja."

Baba alikirudisha kigae juu ya boksi lake, taratibu. Akauosha mwiko. Kwenye ndoo kulikuwa na saruji ya kutosha, na sisi hatujawahi kumwaga saruji nzuri tangu nimjue.

"Funika ndoo," alisema.

"Itaganda."

"Iache igande."

Nilikwenda kwa Mama nikalia kama mtoto. Nilimwambia nimemharibia Baba furaha ya maisha yake. Mama alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja. "Miaka yote hii nampikia huyo mtu huku natafuta namna ya kulisema," alisema. "Wewe umelisema vibaya. Lakini umelisema."

Ijumaa asubuhi Baba alikuja kwangu amevaa shati la Jumapili, bisibisi mfukoni.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Utanisindikiza. Wewe ndiye uliyenigonga."

Mwenyekiti alipiga simu tukiwa kituoni tunangoja basi. Alikuwa amepita kanisani, ameona lile shimo la mraba mbele ya madhabahu, na sauti yake niliisikia kutoka pale nilipoketi. Askofu anakuja kesho kutwa, kazi ni ya dakika kumi, una wazimu gani. Baba alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mwenyekiti, sadaka yangu nimeiacha palepale mbele ya madhabahu, kama Bwana alivyosema. Alisema mtu aende kwanza akapatane na ndugu yake. Hakusema aimalize ndipo aende." Akakata simu, na kwa jinsi anavyomheshimu yule mzee, nilijua mambo ni mazito.

Tulimkuta Baba mdogo nyuma ya kaunta, vigae vya mfano vimepangwa ukutani nyuma yake, vya kila rangi. Nywele zimekuwa nyeupe. Aliponiona alianza kutabasamu, kisha akamwona aliye nyuma yangu.

"Karibuni," alisema, kama anavyomwambia mteja yeyote.

Baba hakukaa. "Nilivunja vigae vinane," alisema. "Nilipovitoa, chini saruji ilikuwa imejaa. Kote, ukingo hadi ukingo. Niliona kwa macho yangu."

Mimi nilishika kaunta. Miaka yote hiyo nilidhani Baba alikuwa na haki ila alikosa upole. Hivyo ndivyo tulivyodhani sote.

"Najua," alisema Baba mdogo. "Mimi ndiye niliyeipaka."

"Kilichokuwa kinalia si vigae. Ni chini zaidi."

"Tangi la maji la zamani. Walilifunika kwa zege kabla hata yule mwalimu hajanunua kiwanja. Nilikuja kuligundua baadaye, kwa majirani."

"Mimi nililigundua siku ileile, nilipogonga zege lenyewe. Lakini nilikuwa nimeshasema. Watu wote wananitazama, nyundo iko mkononi. Nikanyamaza."

"Nilikungoja useme siku ile," alisema Baba mdogo. "Nikangoja wiki ile. Msibani kwa mama yetu nikasema, leo atasema."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Baba mdogo alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Alifuta mpaka mwisho, akarudi. Sauti yake ilipotoka haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililoniuma. "Kaka, umekuja kuniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wengine."

Kwenye basi la kurudi, tulipokaribia nyumbani, Baba akasema, akiangalia nje, "Nilidhani nimekwenda kumaliza. Kumbe nimeweka donge moja pembeni." Akajipapasa mfuko wa shati, akaiacha bisibisi hapo hapo.

Alipotuambia atasema mbele ya kanisa Jumapili, nilimsihi asiseme. Nilimwambia Mungu ameona, Baba mdogo amesikia, yatosha. Wewe ni mzee, heshima yako yote kanisani ni hiyo kazi. Mimi yuleyule niliyemchoma Alhamisi, Jumamosi nilikuwa namtafutia njia ya kutorokea. Nilimwogopea. Nilimwona anasimama mbele ya wale watu wanaomsifu, na baada ya hapo hakuna tena Mzee Gonga, kuna mzee mmoja tu aliyemwangamiza ndugu yake kwa ajili ya kiburi. Mama hakumsihi. Alimpigia pasi shati.

Jumapili kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Sakafu iling'aa, na mbele ya madhabahu palikuwa na shimo la mraba, boksi kando yake, na shemasi mmoja amepewa kazi ya kumshika askofu mkono asitumbukie. Watu walilitazama shimo kuliko walivyoitazama sakafu. Wakati wa matangazo Baba aliomba kusema. Mwenyekiti alidhani anataka kueleza kuchelewa, akampa kipaza sauti.

Alisema yote. Hakutaja tangi kwanza, maana angeanza na tangi ingeonekana ametegwa. Alianza na nyundo. Alisema, "Yule mnayemwita Debe, kazi yake ilikuwa kamili kuliko yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mtupu." Alisema alijua tangu siku ileile, na kwamba kwa miaka kumi na moja ameshiriki meza ya Bwana, amesali alfajiri, amerudisha hata vimisalaba vya plastiki, na Mungu akimwambia jambo moja tu naye akimletea mengine kumi badala yake. Alipofika hapo alishindwa kuendelea. Nilitaka kwenda kumshika lakini Mama alinikalisha kwa mkono.

Halafu kiti kikasogea, na mwenyekiti akasimama.

"Basi na mimi nina la kusema," alisema. "Vile vigae vinane ulivyovirudia wewe, Mzee Gonga, viliendelea kulia vilevile. Niliona aibu kukuambia. Nimepaweka zulia miaka yote hii, na kila wewe ukija kwangu nakukimbiza barazani ili usije ukagonga." Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, na Baba akacheka huku machozi yanamtiririka. Mwenyekiti hakucheka. "Ningekuwa nimeuliza kwa nini panalia," alisema, "yule kijana asingehama." Akaketi, akafunika uso.

Askofu alimwuliza Baba lini shimo litazibwa. "Sijui, Baba Askofu," alisema Baba. "Mwenye kuliziba hajafika." Askofu akaiweka wakfu sakafu ilivyo, na shimo lake.

Jumatatu Baba mdogo hakuja, wala Jumanne. Baba alikwenda kanisani siku zote mbili, akakaa kwenye benchi la mbele, akarudi. Hakumpigia simu. Alisema amekwisha kuomba, na kumsukuma mtu akusamehe ni kumwomba akufanyie haraka. Mwenyekiti ndiye aliyepiga, baadaye nilijua, akazungumza naye saa nzima.

Jumatano asubuhi, nikiwa naondoa saruji iliyoganda kwenye ile ndoo, Baba mdogo aliingia. Alikuwa na mfuko wa turubai begani, na ndani yake, nikautambua mpini, mwiko wa babu. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake. Baba alisimama kutoka kwenye benchi, mikono haijui ikae wapi.

Baba mdogo alimwendea mpaka karibu kabisa, akaichomoa ile bisibisi kwenye mfuko wa shati lake, bila kuomba. Akarudi mlangoni. Akapiga magoti, akaanza kugonga.

Aligonga kigae kimoja baada ya kingine, safu kwa safu, na sisi watatu tumesimama. Safu ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Katika safu ya tatu kimoja kikalia, sauti wazi, ikalijaza kanisa tupu.

Alikigonga tena. Kikalia tena. Akainua macho akamtazama Baba, na mwenyekiti alikuwepo, kama siku ile. Nyundo ya chuma ilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwake.

"Ni changu," alisema Baba. "Kitoe."

Hakikuwa chake. Baba huujua mkono wake kama mama anavyoujua mwandiko wa mwanawe, na alijua vizuri kabisa ni nani aliyelaza vigae vitatu vya karibu na mlango. Angeibeba lawama yangu. Angesimama pale mbele ya mdogo wake na mwenyekiti, akaibeba na hiyo, wiki hiyohiyo, na mimi ningeendelea kushika ndoo.

"Si cha Baba," nilisema. Sauti ilikuwa ndogo, nikairudia. "Si cha Baba, ni changu mimi. Jumanne ile saruji ilikuwa inaishia, sikutaka kuchanganya nyingine. Niliweka madonge matano."

Baba mdogo alinitazama, na taratibu, kuanzia kwenye mabega, akaanza kucheka. Kicheko kilekile cha toroli. "Huyu ndiye aliyekugonga wewe?" alimwuliza Baba.

"Huyuhuyu."

"Mungu ana mzaha."

Hakugusa nyundo. Alichukua kisu chembamba, akalala kifudifudi, akakata mwanya kuzunguka pande zote nne, polepole. Ilimchukua karibu saa nzima kukitoa kigae kile, na kilitoka kizima bila ufa. Chini yalikuwepo madonge yangu matano, makavu, manne pembeni na moja katikati. Tuliyatazama sote. Kisha akanipa mwiko wa babu, nikachanganya saruji mpya, nikapaka ukingo hadi ukingo, wazee wawili wamepiga magoti huku na huku wananikosoa kwa pamoja, kila mmoja na lake, kama zamani.

Kile cha mbele ya madhabahu walikilaza wao. Baba alipaka, Baba mdogo akalaza, mwenyekiti akashika pima maji ya kukagua usawa ingawa haikuhitajika. Baba alikuwa ametunga sala ndefu kwa wiki tatu. Ilipofika wakati alisema tu, "Bwana, mdogo wangu huyu hapa," akashindwa, na Baba mdogo akaitika amina.

Mchungaji alikuja, akataka tubaki tuimbe. Walibaki. Mimi nilinawa mikono, nikavua aproni, nikaenda nyumbani kuchukua ile sufuria. Kwenye ua wa wifi yangu nilisimama kidogo, nikatafuta maneno mazuri, nikayakosa. Nikagonga mlango, mara mbili, kwa vifundo vya vidole.